Karatasi Ndani ya Mfarishi

Asubuhi Uulkan alikuwa na wawili wa kuzungumza nao, ng'ombe wake na mjukuu wake. Ng'ombe hakujibu. Mjukuu alijibu kwa miayo.

"Amka, Akmaral! Jua limeshatoka mlimani, wewe bado umejikunja tu."

"Dakika moja, Apa."

"Dakika yako hiyo ina watoto na wajukuu. Amka, chai inapoa!"

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kijijini, ng'ambo ya daraja. Zamani ilijaa watu. Mume wa Uulkan alifariki miaka mitatu iliyopita. Mwanawe Taalai na mkewe Jildiz walikwenda Urusi kutafuta kazi, na huu ulikuwa mwaka wao wa tano huko. Ukutani, juu ya kasha, mifarishi ya wageni, magodoro membamba ya kukalia na kulalia, ilipangwa hadi karibu na dari. Ilikuwa kumi na minne, mizuri, ya rangi. Tangu siku ya mazishi haujateremshwa hata mmoja. Wageni wenyewe wako wapi?

Akmaral alikuwa na miaka tisa. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Jildiz, na kwa desturi yao mtoto wa kwanza hupewa bibi na babu wamlee. Aliletwa kwa Uulkan angali anatambaa. Ndiyo maana alimwita bibi yake Apa, yaani mama. Mama yake mzazi alimwita Jildiz tu, kama mtu anavyomwita dada yake. Uulkan aliipenda sana desturi hiyo. Kila mtu ana kitu kimoja asichotaka kiguswe, na chake kilikuwa hicho.

Baada ya chai kulikuwa na kazi moja kabla ya shule. Uulkan alivaa miwani, akafungua kitabu cha darasa la tatu, akasoma ukurasa wa siku hiyo kwa sauti. Akasoma tena. Mara ya tatu Akmaral alisema pamoja naye. Mara ya nne alisema peke yake, kidole chake kikitembea juu ya mistari, na hakukosea hata neno.

"Hodari wangu!" alisema Uulkan. "Haya, vaa kofia, nenda."

Asiyejua angesema mtoto huyu anasoma vizuri kweli. Kumbe hasomi! Amekariri. Na hivyo ndivyo walivyokwenda tangu darasa la kwanza. Uulkan hakuona ubaya. Kwao, mtu wa kukariri husifiwa. Baba yake Uulkan alikuwa akiimba utenzi kutwa nzima bila kitabu, na watu walimchinjia kondoo. Uulkan aliwaza, kichwa kama hiki hakikosi kitu. Kusoma kutakuja kwenyewe, kama meno.

Lakini kusoma hakukuja.

*

Wa kwanza kushtuka alikuwa Mwalimu Gulmira, mwalimu wa darasa. Aliona kwamba Akmaral akipewa ukurasa mpya anakaa kimya, anakunja pembe ya daftari. Akisimulia hadithi kwa mdomo, Akmaral ndiye wa kwanza kunyoosha mkono. Jambo hili lilimtatiza mwalimu. Akamwita Anarkul kutoka mjini.

Anarkul alikuwa mwalimu wa vipimo. Kazi yake ni kupima namna watoto wanavyofikiri na wanavyojifunza. Alikuja vuli na mkoba mweusi, akakaa na Akmaral asubuhi mbili. Baada ya wiki mbili Akmaral alileta bahasha nyumbani.

Uulkan aliifungua pale pale langoni, ndoo ya maziwa ikiwa mkononi. Maneno yalikuwa mengi. Macho yake yalikimbilia namba. Tisini na moja. Sabini na mbili. Tisa. Sita. Nne.

"Nne!" alinong'ona. "Mtoto wangu kapata nne katika mia!"

Jirani yake Shaarkan alikuwa akipita na punda. Huyu Shaarkan ulimi wake hauna breki.

"Karatasi ya vipimo hiyo? Ole wako, Uulkan! Si unamkumbuka yule kijana wa Mzee Sadir? Walimpima hivyo hivyo, wakampeleka bweni la mbali, la watoto wazito wa kichwa. Alirudi ana ndevu."

"Nani aliyekuuliza, Shaarkan?"

"Mimi nasema tu."

"Basi mwambie punda wako."

Uulkan aliingia ndani, akafunga mlango. Wakimchukua Akmaral, atabaki na nani? Atamwamsha nani asubuhi? Akapanda juu ya kigoda, akaisukuma bahasha katikati ya mifarishi ya wageni. Kule hakuna anayegusa. Shule ilipomwita kwenye mkutano, alisema ng'ombe mgonjwa. Walipomwita tena, alisema mguu unamuuma. Mara ya tatu hakusema kitu, hakwenda tu.

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Uulkan aliijua methali hiyo. Aliwahi kuwaambia wenzake pia.

Wiki hiyo hiyo alificha jambo la pili. Jildiz hakuwa na nafasi ya kupiga simu kwa sababu ya zamu zake, kwa hiyo alikuwa akiandika ujumbe. Jioni Uulkan humsomea Akmaral. Siku hiyo ujumbe ulisema: "Tunakukumbuka sana. Tumepata vyumba viwili Bishkek, tutarudi kiangazi. Tunataka uje kuishi nasi, Septemba uanze shule ya huko. Vaa soksi za sufu."

Uulkan alilitazama jina hilo la mji mkuu, Bishkek, kisha akasoma kwa sauti: "Tunakukumbuka sana. Vaa soksi za sufu."

"Basi?" aliuliza Akmaral.

"Basi."

"Jildiz anaandika kidogo, eh?"

"Ana kazi nyingi, mama," alisema Uulkan, akageukia jiko.

*

Theluji ilikuja mapema mwaka huo. Siku moja Mwalimu Gulmira aliugua, na mwalimu mwingine akashika darasa. Hakumjua mtoto yeyote. Akamnyooshea Akmaral kidole.

"Wewe wa kofia nyekundu. Tusomee, anzia hapa katikati."

Akmaral alisimama. Katikati ni wapi? Kwake ukurasa haukuwa na katikati. Ulikuwa na mwanzo, na ukianza mwanzo unafika mwisho. Akaanza mwanzo, haraka haraka.

"Nimesema katikati."

Akaanza tena mwanzo. Nyuma mvulana mmoja akapiga kelele: "Redio hiyo! Izimeni redio!" Darasa zima likacheka.

Alirudi nyumbani akajilaza, uso ukutani. Hakutaka mkate wala siagi.

"Akmaral. Geuka nikuone."

"Apa, mimi ni mjinga?"

"Nani kasema?"

"Wote. Wananiita redio. Wenzangu wakiangalia kitabu, wanaona maneno. Mimi naona wadudu. Niko peke yangu mle ndani, Apa. Hata nikikaa katikati yao niko peke yangu."

Uulkan alimshika mgongo. Upweke aliujua vizuri. Aliujua kila siku saa nane mchana, nyumba inapokuwa kimya mpaka unasikia saa ya ukutani. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba mtoto huyu naye anao, tena darasani, mbele ya watu thelathini. Na juu yao, ndani ya mifarishi, karatasi ilikuwa kimya.

*

Siku tatu baadaye, mchana, mtu aligonga mlango. Alikuwa mwanamke mnene, amejaa theluji toka kichwani hadi viatuni, na mkoba mweusi mkononi.

"Assalamu alaykum, mama! Mimi Anarkul, wa vipimo. Umekataa kuja kwangu mara tatu. Nimekuja kwako mara moja tu, na tazama theluji ilivyonifanya! Dereva anasema njia ya mlimani imefungwa. Nitalala hapa kijijini."

Uulkan aligwaya. Lakini mgeni ni mgeni. Huwezi kumwacha mgeni mlangoni, na kwao huwezi kumkalisha sakafuni pasipo na mfarishi. Ni aibu kubwa. Mikono yake ilifanya kazi ya miaka yote kabla kichwa hakijakumbuka. Alipanda kigoda, akavuta mfarishi mzuri kuliko yote, ule wa katikati.

Bahasha ikadondoka miguuni pa Anarkul.

Anarkul aliinama, akaiokota, akaifuta vumbi.

"Kumbe imefika," alisema. "Mimi nilidhani posta imeila."

Uulkan alikaa chini, akafunika uso kwa kitambaa. Akalia waziwazi. "Usimchukue," alisema. "Nakuomba, binti yangu. Usimpeleke bweni. Sina mwingine. Nina huyu na ng'ombe."

"Bweni? Bweni gani?" Anarkul alimkazia macho. "Nani amekuambia habari za bweni?"

"Watu."

"Watu! Watu hao wamesoma karatasi hii?"

"Hapana."

"Wewe je, umeisoma?"

Uulkan alitikisa kichwa. "Niliona nne."

"Haya. Mimina chai. Msiba wako huu unahitaji chai nzito."

Wakakaa. Chai ya maziwa ilimiminwa, mkate ukakatwa, na bakuli la kurut likawekwa mezani. Kurut ni yale madonge madogo ya mtindi uliokaushwa, magumu kama kokoto. Anarkul alichukua moja akalitafuna, kisha akatandaza karatasi.

"Kwanza hizi si alama za mtihani, mama. Sikiliza. Wapange watoto mia wa umri wake kwenye mstari. Sawa? Nilimsimulia Akmaral hadithi, nikamwuliza maswali. Kwa kusikiliza na kuelewa amewapita watoto tisini na mmoja."

"Tisini na mmoja?"

"Wako nyuma yake, wanamtazama mgongo. Halafu nikampa mafumbo ya picha, nipate kujua anavyofikiri. Amewapita sabini na wawili. Sasa niambie, huyo ni mzito wa kichwa?"

Uulkan aliacha kulia. "Na nne?"

"Tunakuja huko. Nilimtajia neno, nikamwambia alipasue, anitajie sauti moja moja. Hapo kawapita sita tu. Kutaja herufi kwa haraka, tisa. Mwisho nikampa maneno ya uongo asome. Mupi. Daloshi. Kerunta."

"Maneno gani hayo?"

"Hayana maana. Nimeyatunga. Unajua mjukuu wako aliniambia nini? 'Mwalimu, aliyeandika haya alikuwa amelewa?'"

Uulkan alicheka huku machozi yangali mashavuni.

"Lakini kwa nini maneno ya uongo?"

"Kwa sababu neno la uongo huwezi kulikariri. Hakuna bibi aliyewahi kukusomea. Lazima ulisome kwa herufi zake, moja moja. Hapo ndipo nne ilipotoka." Anarkul alimtazama. "Ukurasa wa kitabu aliusoma wote bila kukosa. Nikashangaa. Nikageuza kitabu juu chini. Akaendelea kusoma."

Uulkan aliinamisha kichwa. "Ni mimi. Namsomea mara tatu kila asubuhi."

"Najua ni wewe. Sauti yake ikipanda na kushuka ni sauti yako." Hakusema kwa ukali. "Ulimsaidia, mama. Ulimfichia aibu. Lakini ulimfichia na mwalimu wake pia, asione anapokwama."

Mlango ukafunguka. Akmaral aliingia kutoka shuleni, pua nyekundu. Alipomwona Anarkul alisimama pale pale.

"Njoo, wewe wa maneno ya walevi," alisema Anarkul. "Tunakusema wewe, basi njoo usikie. Kuna mtu amekuambia wewe ni mjinga?"

Akmaral alitazama viatu vyake. "Ndiyo."

"Mimi nimekupima asubuhi mbili. Wao wamekupima lini?"

"Hawajanipima."

"Basi sikiliza aliyepima. Kichwa chako kinafikiri vizuri. Kinasikiliza vizuri kuliko karibu wote. Kuna mlango mmoja tu ndani yake uliobana, mlango wa sauti na herufi. Watoto wengi wako hivyo. Mlango huo hufunguka kwa mazoezi, na mazoezi yenyewe si ya kukariri. Umenielewa?"

"Maneno si wadudu?"

"Si wadudu. Ni sauti zilizopanga foleni."

Mtoto alikaa karibu na bibi yake. Uulkan alisikia bega dogo likilegea.

Anarkul alitoa kalamu. "Vipimo peke yake havitoshi. Mtoto anaweza kuamka vibaya siku hiyo. Ndiyo maana nilikaa darasani nikamtazama, nikaona madaftari yake, nikazungumza na Gulmira. Zahanati wamempima macho na masikio, ni mazima. Yote yanasema jambo moja. Aliyekosekana ni wewe tu. Bila sahihi yako hatuwezi kuanza. Tumepoteza miezi miwili."

"Miezi miwili," alirudia Uulkan. Ilimchoma. Katika miezi hiyo miwili mtoto aliitwa redio.

"Sasa tupange. Siku nne kwa wiki, Gulmira atamchukua yeye na wenzake wawili, nusu saa. Watafanya sauti na herufi tu, toka mwanzo, kwa taratibu. Nyumbani, dakika kumi. Asubuhi humsomei tena somo la kusoma. Hata mara moja. Hata akilia."

"Na masomo mengine? Historia? Mazingira?"

"Swali zuri! Hayo endelea kumsomea. Kichwa chake kina njaa ya maarifa, tusikinyime chakula kwa sababu ya mlango mmoja. Na mtihani wa masomo hayo Gulmira atamwuliza kwa mdomo. Kila wiki mbili tutahesabu maneno mapya anayosoma sawasawa kwa dakika moja, tuweke nukta kwenye mchoro. Nukta zikipanda, tunaendelea. Zisipopanda, tunabadilisha mpango. Mpango ndio unaobadilishwa, mama. Si mtoto."

"Na bweni?"

"Bweni, bweni! Atabaki darasani kwake. Msaada ndio utakaomfuata."

Uulkan alichukua kalamu. Akasita. Kuna jambo lilimpitia moyoni, baridi kama maji ya mtoni. Mtoto akijua kusoma atasoma kila kitu. Atasoma na simu.

"Mama?" alisema Anarkul. "Una swali?"

"Akishajua kusoma... ataniacha?"

Anarkul hakumdanganya. "Hilo karatasi yangu haisemi. Lakini watoto huondoka, mama. Wanaojua kusoma na wasiojua."

Uulkan alitia sahihi.

*

Walianza Jumatatu. Anarkul alikuwa amewafundisha mchezo mmoja kabla ya kuondoka, akitumia kurut za mezani. Uulkan anasema neno, na Akmaral anasogeza kurut moja kwa kila sauti. Neno "maziwa" lina sauti sita, basi kurut sita zinapanga mstari. Kisha anaweka herufi chini ya kila kurut. Kisha anasoma. Akipata, anakula moja.

"Umekosea makusudi upate kurudia kula!" alisema Uulkan.

"Hapana, Apa! Nikikosea sili. Nikipata ndiyo nakula."

"Basi mimi ndiye nitakosea. Nina njaa."

Siku za mwanzo zilikuwa ngumu kwelikweli. Asubuhi Akmaral alisukuma kitabu kifuani pa bibi yake. "Nisomee! Mara moja tu! Watanicheka!" Uulkan alitoka nje akasimama kwa ng'ombe, mikono masikioni, mpaka kilio kilipoisha. Ng'ombe alimtazama. Hakuna siku aliyojiona peke yake kama hizo.

Kipimo cha kwanza, maneno tisa kwa dakika. Cha pili, tisa tena. Nukta zilikaa sambamba kama mbuzi wawili wamelala. Uulkan alivuka daraja kwenda shule bila kuitwa, kwa mara ya kwanza.

"Haifanyi kazi, mwalimu," alisema. "Nimeharibu kitu?"

"Hujaharibu," alisema Mwalimu Gulmira. "Nilimpa herufi nyingi kwa wiki. Nimeongea na Anarkul kwa simu. Tutampa mbili tu, na tuzirudie zaidi. Ndiyo maana tunapima, mama. Tungesubiri hadi mwisho wa mwaka tungejuaje?"

Wakapunguza. Wiki mbili baadaye nukta ilisogea hadi kumi na tatu. Kisha kumi na tisa. Siku moja njiani Akmaral alisimama mbele ya duka la Shaarkan, akaweka mikono kiunoni.

"Chu-m-vi i-me-i-sha," alisoma kwenye ubao. Akaruka juu. "Chumvi imeisha! Apa, chumvi imeisha!"

"Unashangilia nini?" aliuliza Shaarkan. "Mimi napata hasara."

"Hakuna aliyenisomea! Nimesoma mwenyewe!"

Uulkan alinunua kiberiti asichokihitaji, ili tu apate kusimama pale kidogo zaidi.

Kufikia Machi walifika maneno thelathini na mawili. Bado alikuwa nyuma ya wenzake, tusidanganyane. Lakini yule mvulana wa redio alikuwa akimwomba amsaidie mafumbo ya hesabu, na jina la redio likafa lenyewe.

*

Theluji ilipoanza kuyeyuka, ujumbe mwingine wa Jildiz uliingia. Uulkan alivaa miwani akausoma kimya. Ulikuwa na mstari ule ule wa Bishkek, na safari hii Jildiz aliuliza: "Mbona hujibu, mwanangu? Hutaki kuja?"

Akmaral alikuwa kwenye dirisha, akichonga penseli. "Jildiz anasemaje?"

Uulkan angeweza kusema: soksi za sufu. Ulimi wake ulikuwa tayari. Akatazama mchoro wa nukta uliobandikwa ukutani, ukipanda kutoka kushoto kwenda kulia. Akavua miwani.

"Soma mwenyewe," alisema, akampa simu.

Mtoto alisoma polepole, kidole juu ya kioo. "Tu-me-pa-ta vyumba... vi-wi-li... Bi-shkek." Akasimama. Akaendelea. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akasoma tena. Kisha akapandisha juu, kwenye ujumbe wa zamani. Uulkan hakumzuia. Saa ya ukutani ilisikika.

"Apa. Hii ni ya kabla ya theluji."

"Ndiyo."

"Hukunisomea."

"Sikukusomea."

"Kwa nini?"

Uulkan aliweka mikono magotini. "Niliogopa, mama. Ukiondoka, nyumba hii itanimeza. Nilikuibia maneno yako. Nisamehe."

Akmaral alikuja akakaa kwenye mapaja ya bibi yake, ingawa alikuwa mkubwa kwa mapaja hayo. "Nataka kwenda," alisema. "Na sitaki kukuacha."

"Najua. Yote mawili ni kweli."

Wakalia wote wawili. Kisha wakamwandikia Jildiz jibu. Akmaral aliandika, Uulkan alishika taa tu, maana jua lilikuwa limeanza kuzama. Waliandika neno moja: "Nitakuja."

Agosti gari la Taalai lilifika. Mifarishi yote kumi na minne iliteremshwa, nyumba ikajaa kwa siku tano, kondoo akachinjwa. Siku ya safari Uulkan alimkabidhi Jildiz bahasha. Ndani mlikuwa na karatasi ya vipimo, mpango, na mchoro wa nukta.

"Mpe mwalimu mpya siku ya kwanza," alisema. "Usiifiche. Mimi niliificha miezi miwili, na miezi hiyo aliilipa mtoto. Na usimsomee somo la kusoma, hata akilia. Toka nje usimame."

"Kule sina ng'ombe wa kusimama naye, mama," alisema Jildiz.

"Utasimama na jirani. Ni mamoja."

Gari lilivuka daraja. Uulkan alirudi ndani akaikunja mifarishi, mmoja mmoja, akaipanga hadi karibu na dari. Saa nane mchana alisikia saa ya ukutani. Alimwaga chai ya pili aliyokuwa amemimina kwa mazoea.

Mwisho wa Oktoba dereva wa mjini alimletea barua. Haikuwa ya simu, ilikuwa barua ya karatasi, yenye herufi kubwa zilizopinda na kufutwa. Uulkan alikaa karibu na jiko akavaa miwani.

"Apa. Mwalimu mpya alisoma karatasi. Nina kundi langu, tuko wanne. Juzi nilisoma mbele ya darasa, nikaanzia katikati. Jioni namsomea Jildiz, anasinzia. Nani anakula kurut zako? Nitakuja likizo. Hii nimeandika mwenyewe, hakuna aliyenitajia. Akmaral."

Aliisoma kwa sauti, nyumba nzima ikimsikiliza, na hapakuwa na mtu. Akasoma tena. Akasoma mara ya tatu.

Mara ya nne hakuhitaji karatasi.